Nataka ya Elfu Mbili na Tano

Jumapili, 8 Machi

Mvua zimeanza jana, na zimeanza na mimi.

Naandika nikiwa bado na hasira, maana nikisubiri zipoe kila mtu atakuwa na simulizi yake, na katika simulizi zote mwenye kosa nitakuwa mimi. Jana nilikuwa na keki ya harusi ya ghorofa nne. Teksi niliyokodi ilizimika katikati ya mzunguko mkubwa wa barabara, mvua inamwagika, honi kila upande, na dereva akafungua boneti akachungulia ndani kama mtu anayetafuta miwani yake. Wapita njia wakatusukuma. Watu wema, ila hawakujua ndani mna keki. Walisukuma kama wanaangusha ukuta. Nilipoingia ukumbini ghorofa ya kwanza ilikuwa sawa, ya pili sawa, ya tatu imeegemea upande kama mtu anayesikiliza mlangoni, na ya nne nilikuwa nimeivaa kifuani.

Meneja wa ukumbi alinipokea yeye mwenyewe. Ni mwanamke wa sauti ya chini, wale ambao ukiwasikia wanaongea kwa upole unajua umekwisha.

"Mama," akasema, "keki yako sina neno nayo. Nimeonja hiyo iliyo kwenye blauzi yako, ni tamu. Neno ninalo na usafiri wako."

Akanieleza. Mvua zikiisha ukumbi umejaa: harusi kila Jumamosi mpaka mwisho wa mwaka. Anataka mwokaji mmoja, asiwe anapiga simu huku na huku. Angenipa mimi. Lakini nifike Jumamosi ya kwanza ya Juni na gari langu mwenyewe, si la kukodi, si la kuazima, na keki iwe imesimama. Nikishindwa, kazi anaipa bekari ya kona, wenye gari dogo la mizigo na keki zenye ladha ya boksi la karatasi. Hilo la boksi ni langu, hakulisema yeye.

Basi nanunua gari. Pesa ninayo, nimeiweka keki kwa keki, na sitaandika ni kiasi gani kwa sababu katika nyumba hii madaftari husomwa.

Jumatatu, 9 Machi

Nimekwenda kumwambia Kaka. Ndiye mkubwa wetu. Ameendesha magari ya kampuni miaka thelathini, amestaafu mwaka jana, na tangu astaafu anaendesha magari ya wenzake akiwa amekaa pembeni. Mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu pale ambapo breki ingekuwa. Hajawahi kusinzia kwenye gari linaloendeshwa na mtu mwingine, hata basi la safari ya kutwa nzima. Wenzake wanakoroma, yeye macho kodo, anamsaidia dereva kwa miguno.

Nilimwamkia, akaitikia, nikamwambia nanunua stesheni wagoni.

"Ataendesha nani?"

"Mimi."

"Kwa leseni ya nani?"

"Yangu. Ina mwaka wa tatu sasa."

Alinitazama kama nimemwambia nina mtoto aliyefichwa. "Ulijifunzia wapi?"

"Kwa waliokubali kunifundisha."

Hapo akajikuna shingo. Anajua ninachokisema. Baba alikuwa na gari, na kila Jumamosi Kaka aliwafundisha wadogo zetu wawili wa kiume kuliendesha kwenye uwanja wa shule. Mimi nilipewa ndoo na kitambaa. Gari lile hakuna aliyelijua kwa nje kunishinda. Nilijua kila mkwaruzo wake na nani aliyeutia.

"Sawa," akasema mwishowe. "Basi kanunue Macho Madogo. Gari zile zilitengenezwa na watu, si kompyuta. Usipoteze muda kuuliza."

Akishaniambia nisiulize, mimi nitauliza.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua. Bekari ya kona wamepaka gari lao rangi mpya.

Jumatano, 18 Machi

Niandike vizuri ili nisichanganyikiwe. Wagoni ninayoitaka ni aina moja tu. Ukilaza viti vya nyuma sakafu inakuwa tambarare kama meza. Nimepima ya jirani kwa utepe: ubao wa ghorofa ya chini unaingia mara tatu na mkono unapita pembeni. Gari la mizigo kama la bekari linaruka sana, na saluni, gari dogo la kawaida, buti lake halina kimo.

Aina ni moja, lakini imetoka kwa sura tatu, na mitaani kila sura ina jina. Macho Madogo ndiyo ya zamani, mwisho wake 2001. Macho ya Paka ikafuata, 2002 mpaka 2006. Mdomo Mpana ikaanza 2007, ndiyo mpya, ndiyo inayopigiwa picha. Swali ni mwaka upi hauniangushi.

Nimeuliza watu kumi na moja, na kila mmoja amesifu mwaka wa gari lake, isipokuwa mfamasia wa jirani, aliyesifu gari aliloliuza. Kaka anasema Macho Madogo. Mfamasia anasema nichukue mpya kabisa, "mama, usinunue matatizo ya mtu mwingine." Binti yangu, anayesoma chuo na kulala nyumbani, anasema tuangalie mtandaoni. Tumeangalia. Mtandaoni nako kila mtu anasifu la kwake, tofauti ni kwamba huko wanatukanana.

Hakuna hesabu ninayoweza kuifanya kwa sifa. Nahitaji mtu ambaye magari yakiharibika yeye anafurahi.

Alhamisi, 26 Machi

Nimempata.

Anaitwa Bampa, na ukimwona tumbo lake huulizi kwa nini. Anauza vipuri vilivyotumika. Magari yaliyogongwa yanaletwa kwake, anayachinja, anauza kipande kipande. Mwaka jana nilimwokea mkewe keki ya siku ya kuzaliwa, kwa hiyo nikakaribishwa mpaka ndani, chini ya bati, kwenye kelele za mvua.

Sikumuuliza mwaka upi ni mzuri. Angenisifia nini, na yeye ana kila kitu? Nilimuuliza kama mnunuzi.

"Nataka gia boksi ya Mdomo Mpana, ya 2008."

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Mama, foleni ni ndefu. Ikija hapa inaondoka ikiwa bado ina mafuta. Nikuandike?"

"Ya 2003 je?"

"Gia boksi ipo. Ila ya 2002 na 2003 watu hawanifuati kwa gia boksi, wananifuata kwa pistoni. Zile zinakunywa oili kama mlevi. Kiwandani wakajirekebisha."

"Lini?"

"Kuanzia 2004 sijaziona tena zikinywa."

"Na ya 2005? Gia boksi?"

"Hiyo?" Akapiga kofi kile alichokalia. "Chukua. Nikupunguzie, nipate pa kuweka miguu."

Nikatazama. Alikuwa amekalia gia boksi. Juu yake ameweka mto wa sofa, na mto ulikuwa umebonyea sura ya mtu aliyekaa hapo muda mrefu. Nyuma yake kulikuwa na nyingine tatu, moja imebeba birika, moja imezuia mlango, na moja kuku amelalia.

"Zote za 2005?"

"2005, 2006. Haziendi."

Nikamuuliza anajuaje miaka, na vipande haviji na kadi ya gari. Akanionyesha. Kwenye mkanda wa kiti, chini kabisa karibu na sakafu, kuna lebo ndogo ya kitambaa imeshonwa, na ina mwaka. "Kadi inaandikwa na watu, mama. Lebo hii inaandikwa na mashine, na mashine haina ndugu wa kumsaidia."

Nimerudi nyumbani nimelowa mpaka mifupa na ninatabasamu peke yangu kama mwehu.

Jumamosi, 28 Machi

Nimeamka na shaka. Labda gia boksi za 2005 haziendi kwa sababu magari yenyewe ni machache. Kama hakuna wenye magari, nani atanunua? Dirisha la jiko langu linatazama barabara. Wiki hii, nikipiga krimu, nahesabu.

Jumamosi, 4 Aprili

Nimehesabu wiki nzima. Binti anasema majirani wanadhani nimeajiriwa na polisi. Kila zikipita Macho Madogo mbili na Mdomo Mpana tatu, Macho ya Paka zinapita saba. Zimejaa. Zipo kila mahali, zimebeba magodoro, watoto, mifuko ya saruji, na Bampa bado amekalia gia boksi zao, maana walizonazo wenyewe haziharibiki.

Kwa hiyo: Macho ya Paka, lakini si za mwanzo zinazokunywa oili. Inabaki 2004, 2005, 2006. Ya 2004 ni ya kwanza baada ya marekebisho, na mimi sipendi kuwa majaribio ya mtu. Ya 2006 bei imepanda kwa sababu ya namba tu. Nataka ya 2005.

Hakuna aliyenifundisha hili. Niseme tu, maana hakuna atakayelisema: nimefanya kazi nzuri.

Jumapili, 5 Aprili

Nimemwambia Kaka. Sikutarajia pongezi, na sikupata.

"Yaani umechagua gari kwa kuangalia mtu amekalia nini."

"Ndiyo."

"Mdogo wangu, gari halinunuliwi kwa hesabu. Linanunuliwa kwa sikio na pua."

"Basi lete sikio na pua yako tukienda kuangalia. Hesabu nitakuja nazo mimi."

Akasema atafikiria. Kaka akisema atafikiria ujue ameshakubali ila anataka abembelezwe. Sikumbembeleza.

Jumamosi, 11 Aprili

Paa la stoo limevuja juu ya pipa la unga. Nimetupa nusu, nusu nimeanika karibu na tanuri.

Jumamosi, 18 Aprili

Dalali amepiga simu: wagoni nyeupe, ya 2005, "safi kama sahani." Nilipofika nikamkuta Kaka ameshatangulia, amesimama upande wa pili wa barabara kama mpita njia.

Dalali ni kijana wa viatu vilivyochongoka, maneno yanamtoka kama mtu anayelipwa kwa neno. Mimi aliniita mama mkubwa, Kaka akamwita mzee wetu, gari akaliita mtoto. Kadi ya gari ilisema 2005. Kaka akaliwasha, akainamisha kichwa, akasikiliza. "Injini inaongea vizuri," akasema, na ikaonekana imemuuma kusema.

Nikapiga magoti, nikaingiza mkono chini ya kiti, nikaisoma lebo ya mkanda. 2003.

"Kijana wangu, mbona huku pana 2003?"

"Aa, hapo mama mkubwa mkanda ulibadilishwa. Unajua usalama kwanza."

Nikahamia kiti cha pili. 2003. Nikaingia nyuma. 2003, 2003, 2003.

"Huyu mwenye gari alikuwa mtu makini," nikasema. "Alibadilisha mikanda yote mitano, na yote akaipata ya zamani."

"Labda kadi inasoma mwaka lilipoandikishwa, mama, unajua gari linakaa bandarini..."

"Miaka miwili? Lilikuwa linasubiri nani?"

Kaka alicheka. Alicheka mpaka ikabidi aegemee gari, kisha akakumbuka anaegemea gari gani, akajitoa. Njiani akaniuliza ile lebo nimeijulia wapi. Nikamwambia kwa aliyekalia gia boksi. Akaguna. Ila alinibebea mwavuli.

Jumatatu, 27 Aprili

Mbili nimezikuta zimeshauzwa. Moja ilikuwa ya 2005 kweli lakini nusu ya mbele ni ya gari jingine. Mvua haikati. Meneja wa ukumbi ametuma ujumbe kuuliza "tunaendeleaje." Nimejibu: vizuri sana.

Alhamisi, 7 Mei

Leo nimekutana na mkaidi kuliko mimi, naye ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Gari lilikuwa la fedha, Macho ya Paka, linauzwa na mwenye duka la vifaa vya umeme anayesema anahama. Nilisoma lebo zote: 2005. Kadi: 2005. Kilomita zinaendana na umri. Ndani pamesafishwa, viti vinang'aa, kuna manukato ya kutundika matatu. Lilikuwa gari langu. Nilishaliona limesimama mbele ya ukumbi, buti wazi, ghorofa nne ndani.

Kaka akaingia, akakaa kiti cha dereva, hakuwasha hata injini. Akavuta pumzi kwa pua.

"Shuka," akaniambia.

"Nini?"

"Gari hili hapana. Linanuka."

Mwenye gari akaudhika, na alikuwa na haki. Mimi nilinusa, nikasikia ndimu ya manukato basi. Nikamwomba Kaka anieleze linanuka nini. Hakuweza. Alisema tu linanuka vibaya, linanuka kama gari lisilosema kweli.

"Hizo si sababu, Kaka. Nimekagua kila namba."

"Namba zako ziko sawa. Gari haliko sawa."

Hapo yakanitoka. Nilimwambia, mbele ya mwenye gari, kwamba yeye hataki tu kuniona nyuma ya usukani. Kwamba hakutaka nikiwa msichana na hataki sasa nikiwa na mvi. Kwamba kama angekuwa mmoja wa wadogo zetu wa kiume amesimama pale na pesa mkononi, angeshampigia makofi. Nilisema, "Uliniachia ndoo na kitambaa, Kaka, na mpaka leo unadhani ninakuja kuosha."

Alishuka, akafunga mlango taratibu, akaondoka kwa miguu. Mvua ilikuwa inanyesha na mwavuli niliushika mimi.

Nimemwambia mwenye gari Jumatatu nakuja na pesa. Nimesema kweli yote niliyokuwa nayo moyoni, na bado sijisikii vizuri.

Jumamosi, 9 Mei

Asubuhi nilifungua pipa la unga. Siku hizi natumia unga mpya, lakini chini bado pana ule niliouanika mwezi uliopita. Nikauchota, nikauleta puani kama kawaida yangu kabla ya kupima.

Nikasimama pale na kijiko mkononi.

Harufu ile naijua kuliko ninavyoijua ya mwanangu. Ni ya kitu kilicholowa kikakaushwa. Ukikausha unga uliolowa unakuwa mweupe, mkavu, mzuri wa macho, ila una harufu ya chini chini, kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Na harufu ile ile, chini ya ndimu tatu, nilikuwa nimeinusa Alhamisi. Pua yangu iliisikia. Mimi nilikuwa nasoma namba.

Nilizima tanuri nikaenda. Mwenye gari hakuwepo, mkewe akanifungulia geti bila kinyongo, akadhani nimekuja kulipenda tena. Nikainua zulia la buti, nikatoa tairi la akiba. Ndani ya shimo la tairi kulikuwa na tope laini, kavu, limetandazwa sawasawa kama aisingi juu ya keki, na ukingoni mstari wa kahawia ulionyooka ambao hakuna mkono unaouchora. Maji.

Kisha nikafanya kitu ambacho ningetakiwa kufanya siku ya kwanza. Nikaushika ule mkanda wa kiti niliousoma lebo yake kwa fahari, nikauvuta, nikauvuta mpaka mwisho, mpaka sehemu inayojikunja ndani ya nguzo ambayo haionwi na mtu. Ulitoka na tope. Robo tatu safi, halafu mstari, halafu rangi ya mto uliofurika.

Gari hili lilikaa majini, na ni mvua hizi hizi. Ningelilipia Jumatatu, na lingezimika mzungukoni siku ya harusi, mahali pale pale, na safari hii ningejisukuma mwenyewe.

Nilisoma namba, sikuuangalia mkanda ulioshonewa namba hiyo.

Jumapili, 10 Mei

Kaka anapenda kingo za keki, zile zinazokatwa ili keki ikae sawa. Tangu utotoni alikuwa anaziiba. Nimemjazia bakuli.

Nilimkuta barazani, anakohoa kidogo, amejifunga sweta. Nikamwamkia. Akaitikia. Bakuli akalipokea akalifungua.

"Umelinunua?"

"Sijalinunua."

"Umenusa?"

"Nimenusa. Lilikaa majini."

"Maji!" Akapiga goti. "Ndiyo, maji! Siku tatu neno hilo linanikimbia." Akala kipande. Tukakaa tunatazama mvua. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya msamaha njia nzima, hata mahali pa kupumua nilipajua, na kabla sijaanza akasema:

"Kuna muuguzi anastaafu mwezi huu, yule aliyekuwa zahanati ya kampuni yetu. Ana wagoni. Niliongea naye Ijumaa."

"Macho Madogo?"

"Macho ya Paka. Ya 2005. Tangu uniambie ndiyo ninayoiulizia, kila mtaa."

Nilimgeukia. "Kaka, wewe si mtu wa Macho Madogo?"

"Mimi ndiyo," akasema, mdomo umejaa. "Lakini gari si langu."

Maneno yangu ya msamaha nilirudi nayo nyumbani, hayakuhitajika. Mwavuli nimemwachia.

Jumanne, 12 Mei

Binti ameniuliza kwa nini naimba.

Jumamosi, 16 Mei

Gari la muuguzi ni la kijani, kile kijani cha ukuta wa zahanati. Mlango wa nyuma umebonyea, redio ni bubu, na kwenye dashibodi amebandika kibandiko cha dawa ya minyoo ambacho hakitoki. Binti alipoliona akasema, "Mama, linafanana na mgonjwa." Muuguzi akasema, "Mwanangu, mimi ndiye nimefanana na mgonjwa. Hilo halijawahi kulala hospitali."

Tulilikagua, Kaka upande wake na mimi wangu. Nilisoma lebo zote, 2005, kisha nikavuta mikanda yote mitano mpaka mwisho, safi. Nikainua zulia. Nikatoa tairi la akiba, chini yake nikakuta vumbi, vumbi kavu zuri la kawaida, nikalifurahia kama dhahabu. Kaka alisikiliza injini ikiwa baridi, akaisikiliza ikiwa moto, akaingiza gia moja moja, akafunga madirisha akakaa ndani peke yake muda mrefu akinusa. Akatoka.

"Linanuka dawa ya kusafisha vidonda," akasema.

"Na chini yake?"

"Chini yake linanuka gari."

Nimelinunua. Muuguzi alinipa ufunguo kwa mikono miwili, kisha akashindwa kuuachia, ikabidi tucheke wote ndipo vidole vikalegea. Kadi ya gari imeandikwa jina langu. Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Kaka alipoliona buti likiwa wazi, viti vimelazwa, sakafu tambarare, akaniuliza kama ndoo na kitambaa nimevileta, alioshe. Nikadhani utani. Akavua sweta akaliosha. Pale chini ya bampa ameacha tope, kazi hakuizoea, lakini sikusema.

Alhamisi, 21 Mei

Mazoezi. Naweka beseni la maji limejaa mpaka mdomoni kwenye buti, nazunguka mtaa. Leo nimemwaga nusu.

Jumapili, 24 Mei

Robo. Kaka pembeni, mguu wake unakanyaga sakafu kila nikikaribia kona. "Breki, breki, breki." Nimemwambia atanitobolea zulia, na atanilipa.

Ijumaa, 29 Mei

Vikombe viwili tu. Kaka amesema, "Gia ya pili ungeiingiza mapema." Kwa Kaka hiyo ni hotuba ya pongezi.

Jumamosi, 6 Juni

Keki ya ghorofa nne, nyeupe, maua ya sukari pembeni. Tangu alfajiri mvua ilikuwa inajifanya imekwisha, na nilipofunga tu buti ikarudi kuaga, nzito, ya mwisho mwisho, ile inayopiga kioo kama changarawe.

Binti alibaki kupanga mikate midogo. Kaka akaja bila kuitwa, amevaa koti lake la kazi la kampuni, lililofutwa jina. Akafunga mkanda. Alisema amekuja kushika keki kama itabidi, ingawa keki ilikuwa nyuma na yeye mbele.

Niliendesha. Gari lilivuka madimbwi likijua linakokwenda. Kwenye kilima nikapunguza gia mapema, sikusikia neno. Kwenye matuta ya shule nikapita moja moja, pole pole, kama mtu anayepanda ngazi na mtoto mgongoni, sikusikia neno. Nikadhani amenuna. Tulipofika mzunguko mkubwa magari yalikuwa yamejazana, honi kila upande, na pale pale iliponifia teksi mwezi wa tatu pakawa na dimbwi la kutisha.

"Kaka, nipite kushoto au nikae katikati?"

Kimya.

"Kaka?"

Nikageuka upesi, hofu imenishika. Alikuwa amelaza kichwa kwenye kiti, mdomo wazi. Miguu yake, yote miwili, ameikunjia chini ya kiti, mbali kabisa na pale breki ingekuwa. Alikuwa anakoroma.

Nikakaa katikati. Maji yakapanda mpaka kwenye rimu, yakashuka, tukatokea ng'ambo.

Meneja wa ukumbi alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli. Alikwenda moja kwa moja kwenye buti, akafungua, akaitazama keki kwa muda, akainama akaitazama kwa pembeni kama fundi anayepima ukuta. Imesimama. Akalizunguka gari, akapita kidole kwenye mlango uliobonyea.

"La mwaka gani hili?"

"Elfu mbili na tano," nikasema, na nikasikia sauti yangu mwenyewe imenyooka.

"Jumamosi ijayo ni ghorofa tano. Utaweza?" Kisha akachungulia dirishani. "Na huyu mzee je? Tumwamshe asaidie kubeba?"

"Mwache," nikamwambia. "Huyo ni dereva. Amepumzika."

Keki tuliibeba sisi wenyewe, mimi na wahudumu watatu, mvuani. Niliporudi bado alikuwa analala, kioo kimejaa mvuke wa pumzi zake. Nikaingia, nikafunga mlango kwa vidole, na sikuwasha injini mpaka alipoamka mwenyewe.